Majina ya watoto wetu yanawakatia njia ya usaili wa Serikalini

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua mana hili jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi iliyopita, kila nikikaa peke yangu linanirudia.

Mimi niko Wete, ni mtunza kumbukumbu Serikalini, kazi niliipata baada ya kuhangaika na usaili mara tatu. Jumamosi baada ya l'asiri huwa tunakaa barzani kwangu na vijana wanaojiandaa, wengine wameomba kwenye Tume ya Utumishi Serikalini hapa kwetu Zanzibar na wengine kwenye Sekretarieti ya Ajira ile ya Muungano. Sio skuli wala sio tuisheni, hakuna anaelipa kitu, tunasoma tu pamoja na kuulizana masuala mpaka magharibi ikiadhiniwa.

Jumamosi hiyo akaja msichana mmoja kutoka Mtambwe, diploma kamaliza mwaka wa tatu huu, vyeti vyake kavitia kwenye bahasha ya kaki na bahasha kaizungushia kanga isirowe mvua. Akanambia dada mimi nimeomba kazi mara nne, hata kuitwa sijaitwa, basi sina bahati. Nikamwambia hebu toa karatasi zako. Tukazitandika juu ya mkeka moja moja, tukaweka kijiwe juu ya kila moja zisipeperuke. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khadija. Cha form four kinasema Hadija. Cha diploma wameandika Khadja, herufi imerukwa. Jina la babu ndo usiseme, kwenye kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ni Moh'd na kile kikoma cha juu, kwenye cheti cha form four ni Mohamed, kwenye diploma ni Muhammed. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuziweka pamoja akazisoma. Kazisoma pale pale mbele yetu, akanyamaza, machozi yakamtoka.

Siwezi kuapa kuwa hilo ndilo lililomkosesha mara zote nne, mana nafasi zenyewe ni chache na waombaji ni wengi mno. Lakini tangazo la kuitwa usaili la Sekretarieti linaandika wazi kila mara, kwamba mwenye majina yanayotofautiana kwenye nyaraka zake aje na hati ya kisheria ya kuthibitisha jina, ile watu wanaita didipoli, na iwe imesajiliwa. Mtoto huyu alikuwa hajui kama kuna kitu kama hicho. Na hata angeitwa siku ile, angefika mlangoni angerudishwa.

Kwahiyo kwanza nisemee haya majina, mana kwetu Pemba ni tatizo kubwa kuliko tunavolichukulia. Sisi majina yetu tunayaandika kwa namna yetu, Khamis, Fatma, Othman, Abdalla, Moh'd. Fomu zikijazwa na mtu mwengine anaandika anavosikia yeye, Hamisi, Fatuma, Othumani, Abdallah, Mohamedi. Mwengine baba kaandikishwa kwa jina la utani lililozoeleka mtaani, mwengine darasa la kwanza kapelekwa skuli na shangazi ambae hakumbuki jina la babu mzaa baba kaandika la ukoo. Mtoto anakua nalo hivo hivo. Anaposajiliwa mtihani wa Taifa jina lile la kwenye daftari la skuli ndo linaenda Baraza la Mitihani na ndo linarudi kwenye cheti, na likisharudi kwenye cheti kulirekebisha ni safari ndefu, inakula muda na inakula pesa za wakili, na nafasi ya kazi haikusubiri, tangazo linatoka leo na wiki mbili baadae limefungwa.

Naomba walimu wetu wanisikilize kwa hili na nasema kwa heshima zote, mie mwenyewe mumewangu ni mwalimu. Siku ya kujaza fomu za usajili wa mtihani mwambieni kila mtoto aje na cheti chake cha kuzaliwa mkononi, mumsomeshe jina lake herufi kwa herufi, aweke saini kuwa ndo lake. Darasa la watoto sitini ni kazi ya asubuhi moja tu. Asubuhi moja hiyo itamuokolea mtoto miaka. Na wazazi pia tusiwaachie walimu peke yao, cheti cha kuzaliwa kiko kwenye sanduku chini ya kitanda na mtoto hajawahi kukiona mpaka ana miaka ishirini na tatu, anakiona siku anataka kazi!

Sasa na mie niseme yangu. Mara ya kwanza kuitwa usaili ilikuwa 2010, taasisi moja huko Unguja, sitaitaja. Nilipanda boti usiku, nikalala juu ya magunia, asubuhi nikafika nimechoka lakini nina furaha. Kwenye foleni wakawa wanakagua vyeti. Mimi nilikuwa na rizalti slipu ya form four, cheti chenyewe nilikiacha skuli miaka yote ile mana nilikuwa na deni la michango na nikaona aibu kwenda kukichukua. Kijana aliekuwa anakagua akaniangalia, akaangalia karatasi, akanambia dada hii haikubaliki, pisha mwenzio. Sikufika hata kwenye chumba cha mtihani. Nauli nilikopa kwa mama, pesa za karafuu za kuokota. Nikarudi Pemba boti ya jioni.

Nalisema hili kwa sababu mpaka leo vijana wanakuja barzani na rizalti slipu, wanakuja na provishenali ya chuo, ile hati ya muda kabla ya cheti, na wanaona inatosha kwasababu wanasema matokeo ni yale yale. Matangazo ya kazi ya Tume yetu na ya Sekretarieti yote yanasema hivo hivo, hati za matokeo na provishenali hazikubaliwi, wanataka cheti. Kama cheti chako kiko skuli nenda kesho. Kama una deni nenda kaongee na mwalimu mkuu, ni binadamu. Kama umesoma nje ya Tanzania, na vijana wengi wa hapa wamesoma Sudan au Uganda, cheti chako lazima kipite kwenye mamlaka ya hapa kipate ithibati, cha chuo kikuu kinaenda TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, cha sekondari kinaenda Baraza la Mitihani NECTA, na hayo hayafanyiki siku mbili kabla ya usaili.

Halafu kitambulisho. Kwa nafasi za Serikali ya Mapinduzi wanataka Mzanzibari, na ushahidi wake ni kile kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ZanID. Kwa nafasi za Muungano wanataka namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha Taifa, bila ya namba hiyo hata akaunti ya kuombea kwenye mtandao wao hufiki nayo popote. Wengi wana kimoja hawana chengine. Tunakaa barzani tunazungumza ule mgao wa asilimia 21 wa ajira za Muungano kwa Wazanzibari, kila mtu ana hasira nao kuwa haujai, na mimi nina hasira pia, lakini nikiuliza waliokaa hapo nani ana namba ya NIDA mikono inainuka mitatu. Nenda kwa sheha chukua barua anza. Kazi ikitangazwa uwe umekaa tayari, uwe na kopi zimegongwa muhuri na wakili, cheti cha kuzaliwa, CV yenye saini, barua ya maombi iliyotaja nafasi kwa jina lile lile lililoandikwa kwenye tangazo. Kuna watu wanaandika tu “naomba kazi yoyote” na barua hiyo haina pa kwenda.

Mara ya pili niliitwa 2012, vyeti nilikuwa navyo vyote, nikaingia kwenye mtihani wa kuandika na nikafeli. Huko nyuma miezi miwili nilikuwa nahifadhi. Nilihifadhi mikoa mitano na wilaya zake, majina ya mawaziri wote, tarehe ya Mapinduzi na ya Muungano, vifungu vya Katiba ya 1984, kila kitu kwa moyo kama msahafu. Suala la kwanza kwenye karatasi lilikuwa hivi, bado nalikumbuka: mzee amekuja ofisini kwako faili lake la kiinua mgongo halionekani, eleza hatua utakazochukua. Nikaandika nitampa pole. Wallahi kalamu ikasimama hapo. Dakika arubaini nilikaa naangalia karatasi, wenzangu waliowahi kujitolea masjala walikuwa wanaandika tu, wameshalitafuta faili kwenye rejista, wameangalia lilitoka kwa nani lini, wameshamfahamisha mkuu wao.

Pale ndipo nilipojua nimesoma kitu sicho. Kwenye tangazo lolote la kazi kuna sehemu inaitwa majukumu ya kazi. Watu wanairuka, wanakimbilia kusoma mshahara. Mtihani unatoka mule. Kila jukumu lililoandikwa pale ligeuze liwe suala, kisha lijibu kwa kuandika, sio kwa kulifikiria kichwani. Kama limeandikwa “kupokea na kusajili barua” basi jiulize barua ikifika inapita wapi mpaka imfikie mtu, nani anaifungua, ya siri inafanywaje, ikipotea nani anajibu. Kama hujui nenda ofisi yoyote ya wilaya ukaombe kukaa wiki mbili kujitolea, mimi nilifanya hivo mwaka mzima wa 2013, bila ya malipo, na mwaka uliofata nikaitwa mara ya tatu na nikapita.

Sheria nazo zisomwe, sisemi zisisomwe, Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011 isome yote na uielewe, ujue Kamisheni ya Utumishi wa Umma ni kitu chengine na Tume ya Utumishi Serikalini ni kitu chengine, mana kila mwaka nakutana na vijana wanaochanganya hivi viwili na wanataka kuajiriwa humo humo. Na anaetaka JKU, KMKM, Mafunzo, Zimamoto au KVZ ajue hizo ni idara maalum, vile vikosi vya Serikali ya Mapinduzi, zina utaratibu wao, asikae kusubiri tangazo la kwengine. Lakini soma sheria ukijiuliza inanihusu vipi siku ya kwanza kazini. Kuhifadhi namba ya kifungu bila ya kujua kinasema nini kumenigharimu mimi miaka miwili.

Jengine ni kompyuta. Sekretarieti siku hizi wanafanyisha mchujo kwa kompyuta. Watoto wetu simu wanaijua kuliko sisi, vidole gumba vinaruka, lakini wengi hawajawahi kushika kipanya wala kuandika ukurasa mzima kwa kibodi huku saa inahesabu mbele yao. Nimemuona kijana hodari, hisabati anaijua, kapewa kompyuta ya mkopo barzani dakika kumi zimepita anatafuta alama ya kuuliza iko wapi. Kwa hivo sasa tunafanya hivi, kila Jumamosi nusu saa ya mwisho ni kompyuta, tunayo moja tu tena ya zamani, wanapokezana, mmoja anaandika na mwengine ameshika saa. Anaetaka ukatibu muhtasi ndo kabisa, zile nafasi wanataka hati mkato maneno mia kwa dakika, Kiswahili na Kiingereza, hiyo haipatikani kwa kukesha usiku mmoja.

Na alama. Vijana wanasema ukipata hamsini umepita. Kwa Sekretarieti hamsini ni kizingiti tu, ukiwa chini yake hesabu umetoka, lakini ukiwa juu yake bado wanaangalia nafasi ni ngapi na wenzako wamepata ngapi. Nafasi mbili na watu mia nne, hamsini na tano yako itakuweka nje. Usilenge hamsini. Tena uingie kwenye akaunti yako uichukue namba yako ya usaili mapema uiandike mahali, mlangoni hawaitoi, na uwe na vyeti halisi mkononi sio picha kwenye simu, na nauli na chakula na pa kulala ni juu yako, kwahiyo anza kuweka akiba sasa hivi hata elfu mbili kwa wiki.

Kiingereza kinatutisha pia, hili nalijua. Mitihani mingi ya nafasi za shahada kule Sekretarieti inakuja kwa Kiingereza na kijana wa hapa anaelewa jambo vizuri tu kwa Kiswahili lakini kulitoa linamkwama. Dawa niliyoiona inafaa ni kuandika kila siku, majibu mafupi, sentensi fupi, mmoja anaandika na mwengine anasahihisha, na kuacha kuchekana. Barzani kwangu anaecheka anaondoka.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, ni hili la “una mtu?” Kila kijana akija suala la kwanza ni hilo, dada wewe ulikuwa na mtu? Sikuwa na mtu. Baba alikuwa mvuvi Kojani na mama mkulima. Siwezi kusema upendeleo haupo, ningekuwa nawadanganya na wao wanaona kwa macho yao. Lakini imani hii inaua watu kabla hawajaanza. Kijana anaacha kusoma, anaacha kurekebisha jina, anakaa anasubiri mjomba wa Unguja apige simu. Na hapo ndipo wanapopata njia wale matapeli. Kuna mama jirani yangu mwaka juzi kauza karafuu zake zote za msimu, kampa mtu aliejiita wa ofisini laki tatu amuingizie mwanawe, mtu yule simu haijapatikana tena mpaka leo. Mama wa watu alizichuma mwenyewe, kazichambua usiku kwa taa ya chemli vidole vimekuwa vyeusi, kazianika kwenye jamvi anazilinda na mvua. Kuomba kazi Serikalini ni bure, hakuna fomu inayouzwa, hakuna pesa ya usaili. Anaekuomba pesa mripoti ZAECA, ile mamlaka yetu ya kupambana na rushwa, na usione haya hata kama ulishampa.

Na wahusika wakubwa naomba nao nafasi ndogo. Tume yetu ikitoa tangazo ituambie na maeneo yatakayotahiniwa, hata mistari mitano tu, sheria gani, stadi gani, lugha gani. Mtoto wa form four anajua silabasi yake, huyu anaetafuta kazi ya umri mzima anaingia gizani, na giza hilo ndo linalowapa nguvu wanaouza “pepa zimevuja” mitandaoni kwa elfu kumi kumi. Pia kama inawezekana mara moja kwa mwaka maofisa waje Micheweni, waje Mkoani, wakae siku moja na vijana wawaangalie vyeti vyao kabla ya tangazo lolote, wawaambie wewe hapa pana kasoro nenda kafanye hivi. Nyinyi wa gazeti mnaweza kusaidia pia, ukurasa mmoja kila wiki mtueleze nafasi moja ya kazi, anaefanya kazi ile anafanya nini kutwa. Tutaukata na kuubandika barzani.

Yule msichana wa Mtambwe Jumatatu alikwenda kwa wakili Chake, nimemsindikiza mwenyewe. Wakili kamwambia hati inawezekana, kampa orodha ya karatasi za kuleta na bei, na bei ni kubwa kwake kwahiyo barzani tumechangishana, bado kidogo. Jumatano akarudi kwenye chuo chake kuuliza kama ile herufi iliyorukwa kwenye diploma wanaweza kuirejesha wao wenyewe, wakamwambia alete cheti cha kuzaliwa, alikuwa nacho mkobani, wakakipokea.

Jumamosi hii tunaendelea kama kawaida baada ya l'asiri. Anaekuja aje na cheti chake cha kuzaliwa, chenyewe, sio kopi, tutaanza na hicho.

Wassalaam,
Mtunza kumbukumbu,
Wete, Pemba